Kuwasha si Kuuma: Majibu ya Maswali Yenu ya Macho kutoka Tanga

Safu ya toleo hili tumewaachia macho. Barua nyingi zimetoka mkoa wa Tanga, mjini na mashambani, na karibu zote zinaanza kwa maneno yale yale: "macho yananisumbua." Tunaomba mtueleze zaidi ya hapo, kwa sababu jicho linalowasha, linalochoma, linalokwaruza na linalouma kwa ndani yana magonjwa tofauti. Kuwasha hadi mtu ashindwe kuacha kufikicha, mara nyingi ni mzio. Kuchoma kunakozidi jioni hutokana zaidi na ukavu. Kukwaruza kama mchanga ni dalili kwamba kuna kitu, au jeraha, juu ya konea, yaani kile kioo kinachofunika weusi wa jicho. Maumivu mazito ya ndani, yakiandamana na kuona vibaya au kuukimbia mwanga, hayalali nyumbani hata usiku mmoja.

Wenye barua mbili za kwanza tuliwapigia simu siku zilipotufikia. Tunazichapa kwa faida ya wengine.

Jani la mkonge limenichapa jichoni

*Nakata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Wiki iliyopita jani lilinichapa jicho la kushoto. Siku ya kwanza liliuma, likatulia. Sasa ni siku ya 6, linauma kuliko mwanzo, mwanga siutaki, na mke wangu anaona kidoa cheupe kwenye weusi wa jicho. Jirani ananikamulia majani, anasema kidoa kitatoka. Nisubiri siku ngapi?*

Usisubiri hata moja, ndugu. Mchubuko mdogo wa konea hupona wenyewe ndani ya siku 1 hadi 3, na kila siku maumivu hupungua. Yako yalipungua kisha yakarudi kwa nguvu, na kidoa kikajitokeza. Hapo ujue jeraha limeingiliwa na vijidudu na limekuwa kidonda. Kwa mtu aliyechapwa na jani, mwiba au bua, tunawaza kuvu kabla ya bakteria. Kuvu wamo kwenye udongo na majani, na ncha ya mkonge huwapandikiza ndani kabisa ya konea. Kidonda chao huenda polepole, ndiyo maana watu hudanganyika. Kina rangi ya kijivu au nyeupe, kingo zake zimechanika kama unyoya, na pengine pana vidoa vidogo vinavyokizunguka.

Majani ya kukamua acha leo hii. Maji ya majani yana vijidudu vyake, na mengine yana tindikali inayoichoma konea iliyokwisha kujeruhiwa. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho. Watalitia jicho rangi ya njano inayong'aa chini ya mwanga wa bluu ili waone ukubwa wa kidonda, kisha watakwangua kidogo na kupeleka maabara. Ikithibitika ni kuvu, dawa inayotegemewa ni matone ya natamaisini ya asilimia 5. Mwanzoni hutiwa kila saa moja mchana, kisha hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Ni matibabu marefu na yanachosha. Wengi huacha maumivu yanapopungua, na kuvu waliobaki chini hurudi.

Jambo moja ulishike kuliko yote: ukipewa popote matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, yakatae mpaka kidonda kionwe na mtaalamu wa macho. Steroidi hupunguza wekundu na maumivu kwa siku chache, nawe utadhani unapona, kumbe kuvu wanakula konea bila kuzuiwa.

Kwa wenzako shambani. Miwani ya kinga ya plastiki isiyo na rangi, yenye kingo za pembeni, huzuia ajali nyingi za namna hii. Ukichapwa, safisha jicho kwa maji safi, usilifunge kwa kitambaa cha kubana, na siku hiyo hiyo fika zahanati upewe dawa ya kupaka ya kloramfenikoli au tetrasaiklini ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Majimaji ya mkonge yenyewe nayo huchoma, hasa kwa wanaofanya kazi karibu na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na hayo dawa yake ni maji mengi tu. Ncha ikiwa imechoma na kuingia, usiguse chochote, usichomoe. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, mgonjwa aende hospitali.

Na kwa kuwa ni mashamba yenye swila: akikutemea sumu machoni, osha papo hapo kwa maji kwa dakika 20 bila kufikicha, kisha hospitali. Msifunge kamba wala kuchanja, hakusaidii kitu. Sumu hiyo inaweza kuiunguza konea.

Bibi anaumwa jicho na kichwa, anatapika

*Bibi yangu ana miaka 71, tupo Pangani. Tangu jana jioni jicho la kulia linamuuma pamoja na upande huo wa kichwa. Ametapika mara 3. Anasema taa ina duara la rangi kama upinde wa mvua. Tulidhani malaria.*

Wengi hudhani hivyo, kwa sababu kutapika na kichwa humfanya mtu asahau jicho. Mjukuu, huyo bibi apelekwe hospitali sasa, si kesho asubuhi. Maelezo yako yanafanana na presha ya macho ya ghafla. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba ghafla, shinikizo hupanda kutoka kiwango cha kawaida, milimita 10 hadi 21 za zebaki, na kupita 40. Mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii hali hiyo. Kwa saa chache tu unaweza kuharibika pasiwe na kurudi nyuma. Duara la rangi kwenye taa linatokana na konea kuvimba maji. Ukimulika tochi utaona mboni imepanuka kiasi na hainywei.

Kwa wazee wa kwetu kuna sababu nyingine inayofanana nayo: mtoto wa jicho aliyeachwa miaka mingi mpaka akaiva kupita kiasi. Lenzi huvimba, ikaziba ile njia. Kama weusi wa jicho la bibi ulikuwa na weupe siku nyingi, mwambieni daktari. Hospitalini hupewa dawa ya kushusha shinikizo haraka, ya kumeza na ya matone, kisha hufanyiwa mionzi ya leza au upasuaji kulingana na sababu. Jicho la pili nalo lazima likaguliwe, maana mara nyingi lina umbile lile lile.

Presha ya macho iliyo ya kawaida zaidi Afrika ni ile isiyouma hata kidogo. Inakula pembe za uono kwa miaka, na mtu hugundua pale anapoanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Ikithibitika bibi anayo, watoto wake wote waliopita miaka 40 wapimwe, hata wasiolalamika.

Nimechomelea mchana, usiku macho yanawaka

*Mimi ni fundi wa mageti, Makorora. Nilichomelea bila ngao kwa muda mfupi tu. Usiku wa manane nikaamka, macho kama yametiwa mchanga na pilipili, machozi yanamwagika. Rafiki alinipa matone, yakatuliza kwa dakika moja. Naweza kuendelea nayo?*

Hapana. Matone yanayotuliza ndani ya dakika moja ni ya ganzi, yale wanayotumia hospitalini kabla ya kutoa kitu jichoni. Ukiyatia mara kwa mara, konea haisikii chochote, jicho halipepesi inavyopaswa, na ngozi ya juu ya konea inashindwa kuota. Wapo wanaotoboka konea kwa njia hiyo, kwa tatizo ambalo lingepona lenyewe.

Lililokupata ni kuungua kwa miale ya urujuanimno. Ngozi nyembamba ya konea hufa polepole na kuanza kuchubuka baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo sababu ulimaliza kazi salama, ukala, ukalala, kisha ukaamka unalia. Huumiza macho yote mawili. Kaa kwenye giza, weka kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, meza parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Dawa ya kupaka ya kloramfenikoli au tetrasaiklini hulainisha na kukinga. Ndani ya siku 1 hadi 2 utakuwa mzima. Siku ya tatu ikikuta bado, kuna jambo lingine.

Jambo hilo mara nyingi ni chembe ya chuma kutoka kwenye grenda. Hiyo huumiza jicho moja, papo hapo, na kila ukipepesa unasikia mkwaruzo mahali pale pale. Chuma kikikaa kwenye konea huanza kutu, na pete ya kutu hubaki hata chembe ikitoka. Msipeane huduma ya sindano au kijiti cha kiberiti hapo karakana. Hatari zaidi ni chembe inayoruka ukigonga nyundo juu ya patasi: inapenya jicho na kuingia ndani, na pengine unaumia kidogo tu. Uono ukififia baada ya kipigo cha namna hiyo, dai picha ya eksirei hata kama jicho linaonekana zima.

Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11 kwa kazi za kawaida za umeme. Miwani ya jua si kinga ya kuchomelea. Na watoto wanaosimama kutazama cheche, wafukuzeni: miale inawaunguza kama inavyokuunguza wewe.

Mwanangu anafikicha macho mpaka yamebadilika rangi

*Mtoto wangu wa kiume ana miaka 8. Macho yanamwasha tangu mwaka jana, kukiwa na upepo na vumbi ndiyo zaidi. Anatoa ute unaovutika kama uzi. Pembeni ya weusi wa jicho pamekuwa na rangi ya udongo. Dukani nauziwa matone yanayomtuliza siku hiyo hiyo. Nimenunua chupa nyingi kwa miezi 5. Mama, Mabawa.*

Mama, hapa kuna mambo mawili, na la pili linatutia wasiwasi kuliko la kwanza.

La kwanza ni ugonjwa wenyewe. Kuwasha kwa nguvu, ute wa uzi, na ukingo wa kahawia kuzunguka konea kwa mvulana wa kati ya miaka 5 na 15 ni mzio sugu wa macho, ambao kwa watoto wa Afrika ni wa kawaida sana. Hauambukizi, na walimu wasimrudishe nyumbani kwa hofu ya macho mekundu. Wengi huupita wanapomaliza kubalehe. Tatizo ni kufikicha. Mtoto anayekandamiza macho kwa vifundo vya vidole kila siku huweza kuidhoofisha konea ikachomoza mbele kama koni, na hapo miwani ya kawaida haimsaidii tena. Chini ya kope la juu huweza kuota vinundu vikubwa kama mawe ya barabarani, vikawa vinaisugua konea mpaka ikatoka kidonda.

La pili ni hiyo chupa. Isome. Ukikuta jina linaloishia kama "dexamethasone", "betamethasone" au "prednisolone", hata kama limeunganishwa na dawa ya bakteria kama jentamaisini, ni steroidi. Inatuliza kweli, na haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Ikitumika kwa wiki na miezi bila kupimwa, kwa baadhi ya watoto hupandisha presha ya macho bila maumivu, na huleta mtoto wa jicho. Tumeshangazwa na barua ngapi zimetaja dawa za aina hii kununuliwa bila cheti. Mpeleke kliniki ya macho wiki hii apimwe presha ya macho na lenzi, na uende na chupa zenyewe. Usiikate ghafla kabla hajaonwa kama amekuwa akitiwa mara nyingi kwa siku. Mwambie mtaalamu ametumia kiasi gani, naye atapanga namna ya kupunguza.

Dawa ya kukaa nayo muda mrefu ni sodiamu kromoglaiketi ya asilimia 2, tone 1 mara 4 kwa siku. Haina haraka. Inachukua wiki moja au mbili kuonyesha kazi, na lazima itiwe hata siku asizowashwa. Wazazi wengi huiacha siku ya nne wakisema haifai. Pamoja nayo, kitambaa cha maji baridi kila anapotaka kufikicha, kuosha uso na nywele akitoka shule, na kofia yenye ukingo. Kama kliniki itaona steroidi inahitajika, itampa kwa siku za kuhesabu na kumpima.

Chokaa imemwingia kijana machoni

*Ninasimamia ujenzi Pongwe. Kijana aliyekuwa akipaka chokaa dari ilimmwagikia. Wengine walisema asioshwe, chokaa ikikutana na maji inachemka. Wengine wakaleta ndimu. Kipi sahihi?*

Maji, tena mengi, tena palepale. Chokaa iliyokwisha kuchanganywa kwenye ndoo imeshachemka zamani. Ikiwa ni unga mkavu, pangusa kwanza ulio usoni kwa kitambaa kikavu, sekunde chache tu, kisha osha. Machozi yenyewe ni maji, kwa hiyo kuacha kuosha hakuzuii chochote. Ndimu ni tindikali juu ya jeraha, msimtie.

Chokaa na saruji hupita tindikali kwa ubaya. Tindikali hugandisha protini ya juu, na ule mgando huwa kama ukuta. Chokaa hugeuza mafuta ya seli kuwa sabuni na kuendelea kuzama ndani, na punje zilizojificha chini ya kope zinaendelea kutoa sumu hata mkiwa njiani kwenda hospitali. Kwa hiyo kuosha kunafanyika hivi:

Mlaze ubavu, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasiingie jicho jingine. Mtu mmoja afungue kope kwa vidole, maana kijana mwenyewe hataweza. Mwingine amimine kwa birika, chupa au mpira wa bomba usio na nguvu, maji yapite kutoka puani kwenda sikioni. Mwambieni azungushe jicho juu, chini, kulia, kushoto. Baada ya dakika kama 5 pindueni kope la juu juu ya kijiti cha pamba, mfute punje nyeupe kwa pamba iliyoloa, muendelee. Dakika 30 kwa saa, si kwa kukadiria. Maji safi ya kunywa ni bora, lakini ya bomba yaliyo karibu ni bora kuliko ya chupa yaliyo mbali. Kisha hospitali, na huko wataendelea kuosha kwa maji ya dripu na kupima kama chokaa imeisha.

Msidanganywe na weupe. Jicho lililoungua na chokaa likawa jekundu lina damu inayopita. Likiwa jeupe kama kauri, mishipa midogo imeungua, na hilo ndilo baya zaidi, hata kama kijana anasema maumivu yamepungua.

Jioni macho yanachoma, herufi zinacheza

*Mwalimu wa sekondari, Chumbageni, miaka 46. Nikisahihisha madaftari au nikishika simu usiku macho yanachoma, yanatoa machozi, na kipaji kinauma. Asubuhi niko sawa.*

Mwalimu, una vitu viwili vilivyokutana. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na kila mtu huanza kusogeza kitabu mbali. Kwa umri wako miwani ya kusomea huwa karibu na +1.50, lakini usiokote ya mtaani kabla ya kupimwa, kwani macho mawili mara nyingi hayalingani, na kipimo hicho ndicho nafasi ya kukaguliwa presha ya macho. Kama uono unabadilika wiki hadi wiki, pima na sukari.

Pili ni ukavu. Mtu akikodolea kurasa au simu, hupepesa mara chache sana kuliko kawaida, na utando wa machozi hukatika. Machozi yanayomwagika hayapingani na ukavu: ni ya dharura, maji matupu yasiyo na mafuta, na hayakai. Geuza feni isikupige usoni. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ukipepesa kwa kufumba kabisa. Machozi ya bandia mara 4 kwa siku yanatosha; ukihitaji zaidi, tafuta yasiyo na kihifadhi. Matone ya "kung'arisha" macho, yanayoondoa wekundu kwa kubana mishipa, yaache. Yakiisha nguvu wekundu hurudi umezidi. Mtu ambaye macho yake huwa mabaya asubuhi, kope zimegandamana na zina ukoko, tatizo lake ni tezi za mafuta za kope. Huyo aweke kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika 5 hadi 10, kisha asugue taratibu shina la nywele za kope kwa kidole safi. Kitambaa hicho hicho, mara 4 kwa siku, ndiyo dawa ya chokea, msiitumbue.

Wanja na kope za kubandika

*Nina harusi mwezi ujao, Ngamiani, Barabara ya 8. Nilijaribu kope za bandia, zikanichoma na kuvimbisha. Dada mkubwa anasema wanja wa manga ungenitosha, na mtoto wake mchanga anapakwa. Ni salama?*

Hongera, mwanangu. Kuchoma ukiwa unabandikwa ni mvuke wa gundi. Kuvimba na kuwasha siku inayofuata ni mzio wa gundi hiyo, na ukirudia utavimba zaidi. Kama lazima, jaribu tone la gundi nyuma ya sikio siku mbili kabla, zibandikwe macho yamefumbwa kabisa, na zitolewe usiku huo huo kwa mafuta yake, si kwa kuvuta. Gundi ikiingia jichoni, osha na uende hospitali. Usizibandue kope zilizoshikana kwa nguvu.

Wanja wa nje ya kope kwa mtu mzima, kwa kijiti chako mwenyewe, si tatizo kubwa. Usishirikiane kijiti. Kwa mtoto mchanga jibu letu ni hapana, kwa heshima zote kwa mila. Baadhi ya wanja za asili zimetengenezwa kwa madini yenye risasi. Mtoto huyapata kupitia jicho na vidole anavyotia mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua. Hauongezi ukubwa wa jicho wala hauzuii ugonjwa.

Kinyama kinachoelekea kwenye mboni

*Mvuvi, Sahare. Nina kinyama upande wa puani kwenye jicho la kulia, kinaniwasha na kuwa chekundu nikitoka baharini.*

Ni nyama ya jicho, inayosababishwa na jua, upepo na vumbi kwa miaka mingi. Bahari nayo hurudisha jua usoni kutoka chini. Haihitaji kukatwa kwa sababu ipo tu. Hukatwa inapokaribia mboni au inapoanza kuvuruga uono. Inapenda kurudi, hivyo uliza kama watapandikiza ngozi ya jicho pale ilipotolewa, kwani hilo hupunguza kurudi. Kwa sasa kofia pana na miwani yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale ya urujuanimno ya jua. Ikikua haraka, ikiwa na magamba meupe au kutoa damu, isichukuliwe kuwa nyama ya kawaida. Saratani ya juu ya jicho huanza hivyo, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi hutokea zaidi.

Kichanga ana tongotongo siku ya tatu

*Mtoto wetu amezaliwa siku 3 zilizopita, Amboni. Macho yamevimba, yanatoa usaha mwingi. Mama mkwe anataka tumtie maziwa ya mama. Au ni haya macho mekundu ya mtaani?*

Haya siyo yale ya mtaani. Macho mekundu yaliyoenea Dar es Salaam na mikoani mwanzoni mwa mwaka 2024 yalikuwa ya virusi. Yale hutoa maji zaidi ya usaha na huisha ndani ya wiki moja hadi tatu bila dawa maalumu, kwa kunawa mikono na kila mtu kuwa na taulo lake. Usaha mwingi na uvimbe kati ya siku ya 2 na ya 5 tangu kuzaliwa unaweza kuwa kisonono kilichopatikana kwenye njia ya uzazi wakati wa kuzaliwa, na kinaweza kutoboa konea kwa siku moja au mbili. Mpelekeni leo. Atachomwa sindano, macho yataoshwa mara kwa mara, na baba na mama mtatibiwa pia, bila kulaumiana. Maziwa ya mama ni chakula bora, si dawa ya jicho. Wanaotarajia kujifungua waulize kama mtoto atapakwa tetrasaiklini ya asilimia 1 ndani ya saa ya kwanza.

Matone yanamwagika shavuni

*Nikijitia matone mengi humwagika. Niongeze? Msomaji, Mwambani.*

Jicho linabeba tone moja. La pili hulisukuma la kwanza nje. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini kwa kidole mpaka pawe na kifuko, tazama juu, dondosha 1 ndani ya kifuko hicho. Ncha ya chupa isiguse nywele wala jicho. Fumba bila kukaza, bonyeza kona ya jicho iliyo puani kwa dakika 1 au 2, dawa isiteremke kooni. Kama una dawa mbili, ziachanishe kwa dakika 5, na ya kupaka iwe ya mwisho. Siku ya kufungua chupa andika tarehe juu yake, na baada ya wiki 4 itupe hata kama imebaki nusu.